Picha Ambayo Sikuipiga

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu Athumani, na kwa wote waliokaa kikao ukumbini kwetu Faza,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii iwakute nyote mkiwa wazima, na miguu ya mama iwe imepungua kuvimba tangu aanze dawa mpya. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Kinachonisumbua ni hasira, wala sitaificha kwa maneno ya adabu. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilikuwa kelele tupu. Hii ya tatu nimeiandika taratibu, kaka, ili uisome kwa sauti ukumbini pale pale, mbele ya watu wale wale walionihukumu Ijumaa iliyopita. Tafadhali usiruke sentensi.

Hukumu yenyewe niliipata kwako kwa simu, kwa maneno machache: "Salma, funga kompyuta, ufunge na safari. Wazee wameshasema." Nikakuuliza nimefanya nini. Ukanieleza kwamba picha ya mkono wa Nuru, binti wa ami Bakari, ukiwa na hina, ilizunguka kwenye simu za watu huko Faza kabla ya siku ya ndoa yake. Kwamba mama mkwe wake aliiona akavunjika moyo. Na kwamba kila mtu anajua ni nani katika ukoo huu anayeshinda mbele ya kompyuta akijifunza kutengeneza tovuti. Nikangoja uniletee ushahidi. Kumbe ndio huo, umekwisha.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu: ni nani kati yenu aliyeniuliza? Hata aliyekamatwa na kuku kwapani huulizwa kwanza, kuku huyu ni wa nani? Mimi sikuulizwa. Mlikunywa kahawa, mkanihukumu, mkatawanyika.

Basi nisikilizeni sasa. Nasoma kozi ya kutengeneza tovuti kwa njia ya masafa. Chuo kiko ng'ambo. Mkufunzi wangu sijawahi kukutana naye. Namjua kwa sauti yake katika masomo ya video na kwa maandishi mekundu anayoyaacha pembeni mwa kazi zangu. Asubuhi nasomesha Kiswahili katika shule moja Kizingo, mchana narudi Mji wa Kale kwa miguu, nakula, naswali, kisha nafungua kompyuta mpaka adhana ya magharibi. Nimeambiwa mmoja wenu alisema kikaoni kwamba hayo ni masomo ya hewani, kwa kuwa hayana darasa wala kengele. Na aje aketi nami siku moja nikitafuta nukta-mkato moja niliyoisahau, nayo imeuangusha ukurasa mzima. Atajua kama ni hewa.

Kazi kubwa ya muhula huu ilikuwa kumtengenezea tovuti mtu halisi mwenye biashara mtaani kwetu. Nikamchagua Bi Rukia, mwenye nyumba ninayokaa, ambaye tangu ujana wake anapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi. Masharti ya kazi yalikuwa wazi: ukurasa uwe na picha kumi za wateja wake. Nilipomsomea Bi Rukia sharti hilo, aliacha kuchekecha hina akanitazama kama niliyemtukana.

"Picha za mikono ya maharusi wangu?"

"Ndivyo anavyotaka mwalimu, Bi Rukia."

"Huyo mwalimu wako ana mke?"

"Sijui."

"Basi mwambie hivi: akitaka kuuona mkono wa biharusi, na aoe!"

Nyinyi sina haja ya kuwaeleza, lakini mkufunzi ilinibidi nimweleze. Nilimwandikia kwamba hina ya bibi harusi huonwa na wanawake walio chumbani, kisha na mumewe siku ya kuingia ndani, na kwamba mlangoni kwa Bi Rukia pana kapu la miyaa ambamo kila mgeni hutia simu yake kabla ya kuvuka kizingiti. Nilimwandikia kwa heshima, kurasa mbili. Akanijibu kwa mistari mitatu. Alisema ameziona picha nyingi za Ngome ya Yesu, watalii na wauza vinyago wakipigana picha kutwa, kwa hiyo haamini kwamba Mombasa ni mji wa kuogopa kamera. Nikamjibu kwamba ngome ni mawe, na mawe hayaolewi. Akanipa alama ya kufeli. Maneno yake mekundu ninayo hadi leo: "Ukurasa mtupu. Hauna picha hata moja. Rudia."

Shikeni hapo. Ng'ambo nimefelishwa kwa sababu sikuweka picha. Faza nimehukumiwa kwa sababu eti niliiweka. Kila upande una hakika yake, na katikati ni mimi peke yangu. Tovuti hiyo iko wazi kwa kila mtu. Kijana yeyote hapo anaweza kuifungua akawasomea. Mkipata humo mkono wa mtu, nitarudi Faza kwa miguu.

Sasa nije kwenye siku ya Nuru. Mliokuja Mombasa kwa harusi mnakumbuka chumba cha juu kwa Bi Rukia, mkeka mwekundu, na kapu mlangoni. Mimi ndiye niliyelishika kapu. Simu yangu ndiyo niliyoitanguliza, na wote wakatia zao, isipokuwa mgeni mmoja kutoka nyumbani. Nilipomnyooshea kapu, akalisukuma kwa kiwiko.

"Mimi mtu mzima, wanipokonya simu kama mtoto wa shule?"

"Ndio utaratibu wa nyumba hii, mama yangu."

"Utaratibu wenu uko juu yangu? Nangoja simu ya mwanangu kutoka Maskati! Akipiga nisipokee, utamjibu wewe?"

Wanawake wakacheka, nami nikaona haya kubishana na mkubwa wangu siku ya furaha. Nikampisha. Hilo ndilo kosa langu katika kisa hiki, na nalikiri mbele yenu nyote. Nililinda mlango mbele ya wote, nikaufungua mbele ya mmoja.

Picha iliyozunguka inaonyesha mkono wa kushoto wa Nuru, maua yamefika nusu, piko bado haijaguswa. Wanaume wa kikaoni, kama hamjaitazama, msiitazame. Apewe mama. Mama, uangalie vizuri. Nuru alikuwa akitetemeka, na Bi Rukia akaniambia nimshike. Kwenye picha kuna mtu amemshika kifundo cha mkono kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika kitambaa cha kupangusia. Juu ya kidole gumba cha mtu huyo pana kovu. Wewe walijua kovu hilo, mama, maana ndiwe uliyelipaka asali siku niliyoshika jiko la mkaa nikiwa mtoto. Mikono yangu yote miwili imo katika picha hiyo. Wa kupigia picha niliutoa wapi? Mungu hakunipa mkono wa tatu.

Katika ukumbi mzima wa watu wazima hakuna hata mmoja aliyeitazama picha ile kwa makini, ingawa wengi wenu mliipeleka kwa wengine!

Wala msidhani madhara ni yangu tu. Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, lakini mama mkwe hakuingia chumbani kumpongeza Nuru. Alikaa sebuleni na buibui lake hajalivua, akaondoka kabla ya chakula. Nuru aliniuliza, "Dada Salma, kweli ni wewe?" Nikamwonyesha kidole changu. Tukalia pamoja, naye alikuwa ametiwa wanja, ikabidi apambwe upya. Bi Rukia hajaitwa kwenye harusi tangu siku hiyo. Mama wawili waliokuwa wameshaagana naye siku ya kuwapaka binti zao wametuma udhuru. Kapu liko mlangoni kwake, halina kitu ndani.

Ama kazi yangu, sikuiacha. Nilikaa na Bi Rukia, yeye akichora maua yake kwa kalamu kwenye daftari, nami nikiyageuza kuwa maagizo ya kompyuta, mstari baada ya mstari, hata ukigusa ukurasa ua linafunguka lenyewe, jani moja moja, bila mkono wa mtu. Bi Rukia alilifungua na kulifunga ua lile mara nyingi, kisha akasema, "Hili halihitaji kusubiri likauke." Nikarudisha kazi. Mkufunzi amenipitisha kwa alama ya chini kabisa ya kufaulu, na pembeni ameandika kwamba bado angependa picha. Na aendelee kupenda.

Nimebakiza muhula mmoja nipate cheti. Kwa hiyo jibu langu kwa hukumu yenu ni hili: kompyuta sifungi, na safari sifungi. Nitakuja Faza nikiwa nimemaliza, nikiwa nimealikwa, si nikiwa nimeitwa. Nami nataka mambo mawili kwenu. Hukumu ile ivunjwe hapo hapo ukumbini ilipotolewa, kwa sauti ile ile iliyoitoa. Na aliyepiga picha aende mwenyewe kwa mama mkwe wa Nuru akaseme, "Ni mimi." Jina lake silitaji. Yaliyotokea chumbani kwa wanawake siyatoi mbele ya wanaume, hata kwa kujitetea, kwa kuwa hilo ndilo jambo lile lile nililofelishwa kwa ajili yake. Nimeambiwa tu kwamba siku ya kikao alisema kwa muda mrefu kuliko wote.

Nisalimieni mama, nambusu mikono. Nisalimieni ami Bakari, baba wa Nuru, na mumwambie bintiye ameanza kucheka. Nisalimieni wifi yangu, mke wa kaka, aliyenitumia ujumbe wa siri kwamba yeye hakuamini. Siku nyingine autoe hadharani. Nisalimieni bibi yetu, mama wa baba, na wajukuu wote wanaomsumbua.

Na nisalimieni shangazi Mwanaisha. Muulizeni kama ile simu ya mwanawe kutoka Maskati iliingia.

Ni mimi dada yenu, mwenye mikono miwili,
Salma