Mama Anasema Ile Sauti ya Phonie Haikuwa Yako

Baraka, Mwemezi
Tarehe 10 Juni 2002

Mpendwa Yaya Norbert, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na Pulchérie na mtoto. Mwili unaendeleaje? Ile malaria iliyokulaza wakati wa mvua imekwisha kweli, au ulimwambia tu msafiri aje atuambie imekwisha? Chérie ameota meno? Na huko Lugufu mnakula nini sasa, bado yale maharage ya kambi yanayopikwa asubuhi mpaka jioni na bado yanagonga meno? Naona nauliza mengi. Nimefanya makusudi, utaelewa mbele.

Sisi ni wazima. Mama ni mzima, ila goti lake linaamka kabla yake na kuanza kulalamika. Mimi ni mzima kupita kiasi. Ukiniona hutanitambua. Nimekupita urefu, na ndevu zimeshatoka, si kama zako zile za kutafuta kwa tochi. Wasichana wa hapa Mwemezi wanasema mambo fulani, lakini acha, wewe ni mtu wa ndoa.

Najua utacheka mwandiko wangu. Shule ilifungwa nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, askari wakalala mule ndani na madawati wakayafanya kuni. Kwa hiyo makosa yote utakayoyaona katika barua hii, kawadai askari, usinidai mimi.

Lakini kwa vyombo mimi ni profesa. Uliza mtu yeyote kutoka hapa mpaka Mboko. Redio ikikohoa wananiletea. Batri zikichoka naziuma kidogo, naziweka juu ya bati jua lizipike, na kesho yake zinaimba tena. Mama anasema nitakufa kwa ile maji nyeusi ya batri. Ninamwambia kuna foleni ndefu ya vitu vinavyotaka kuniua, batri zingoje.

Redio ndiyo imebaki mzee wa nyumba yetu. Jioni Mama anaiweka juu ya kiti cha baba, anaifuta vumbi, tunasikiliza. Siku moja yule bwana wa redio alisema Baraka ni shwari. Tulikuwa chini ya kitanda, Yaya. Milio ilikuwa upande wa mto, na yeye anasema shwari kwa sauti nzuri kabisa. Mama akasema, "Unasikia? Ni shwari." Akatoka kwenda kuangalia sufuria. Nilicheka sana siku ile, lakini tangu hapo najiuliza jinsi mtu anavyoweza kuamini sauti ya mgeni juu ya nyumba yake mwenyewe, halafu akatae sauti ya mtoto wake.

Maana ndiyo habari yenyewe. Mama amekataa kwamba yule wa phonie, ile redio ya kuitana ya Casimir, alikuwa wewe.

Najua ulitoka kambini mpaka Kigoma kwa ajili ya zile dakika chache, na ulirudi bila kuelewa kilichotokea. Sasa nakueleza vile ilikuwa huku kwetu.

Alhamisi ile Casimir, mwenye phonie, alituma mtu kutuambia utapanda hewani saa nne. Mama akaoga. Akavaa kitenge chake cha kanisa, akajifunga kitambaa. Nikamwambia, "Mama, hatakuona." Akanijibu, "Na mi nitajiona."

Phonie ya Casimir iko chumba cha nyuma cha duka, antena imefungwa kwenye mwanzi, batri kubwa ya gari chini ya meza. Kuna benchi moja, na kwenye benchi ndipo unakuta mtaa mzima. Siri haipo mule. Mtu akiposwa, tunajua. Mtu akiachwa, tunajua kabla yake. Mama Constance jirani yetu alikuwa pale, hana hata mtu wa kumwita, anakuja tu kusikiliza. Akamwambia Mama, "Leo umependeza, utafikiri unaolewa na mashine."

Ukasikika. Sauti yako ilikuwa nyembamba, kama mtu anayesemea ndani ya bidoni tupu la mafuta. Ukasema, "Mama, ni Norbert. Nimepata nafasi yenu kwenye boti ya Jumapili ya wiki ijayo. Kuja na Placide. Musibebe vitu mingi. Kisha hii wanafunga ziwa. À vous."

Kwa ile à vous ya kutupa zamu, Casimir akamshikisha Mama kile chombo, akamwonyesha kitufe. Mama akabonyeza kwa kidole gumba. Benchi yote ikainama mbele. Kisha akauliza, "We ni nani?"

Ukajibu, "Ni Norbert, Mama. Muda ni mufupi. Utakuja? À vous."

Mama akamrudishia Casimir chombo kama mtu anayerudisha sahani tupu. Akasema, "Huyu haiko mutoto yangu. Aksanti." Akasimama, akatoka.

Mimi nikaruka, nikashika chombo, nikapiga kelele, "Yaya, ngoja, ngoja, nitamurudisha." Nikaongea kweli kweli, maneno ya mtu mzima. Casimir aliningoja nimalize, akasema, "Petit, we mudogo, haukubonyeza." Profesa wa vyombo. Benchi ilicheka mpaka Mama Constance akashika mbavu, na nilipobonyeza, ulikuwa umeshaondoka.

Njiani nilimkuta Mama anatembea pole pole kwa ajili ya goti.

Nikamwambia, "Mama, ule ni yeye."

"Mutoto yangu haanze na boti. Hakuuliza goti. Hakuuliza kaburi ya baba yake, kama walilima majani. Hata ule wa redio anasalimiaka kwanza."

"Phonie inakula batri. Walimuambia asipoteze muda."

"Nani alimuambia mama yake ni kupoteza muda?"

Mama Constance alikuwa anatufuata nyuma, akaongeza chumvi yake. Eti siku hizi kuna watu wanaita wenzao ziwani kwa majina ya watoto wao, wakifika wananyang'anywa mizigo. Nikamwuliza atanyang'anywa nini Mama, goti?

Kosa lako ni hilo la salamu, Yaya, na ni kosa la mtu aliyekaa na mashine kupita kiasi. Sikulaumu sana. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo, ningetaja boti na siku nimalize. Hata hapa siku hizi vijana wakitoka kwa Casimir wanaongea vile vile na wake zao, maneno mafupi, wamebakiza tu kusema à vous. Lakini Mama hakai kwenye mashine. Kwake mtu ambaye hajauliza mwili wako, shamba lako na wafu wako, hajafika bado, hata kama unamsikia.

Nilifikiri ni salamu tu. Nikajisemea, atakasirika kidogo, atakubali. Tulipofika nyumbani akasema jambo lingine, akiwa anavua kile kitenge na kukikunja.

Alisema, "Hata angesalimia. Nilimubeba humu ndani. Nikisikia sauti yake, tumbo inapaswa kustuka. Haikustuka. Ilikaa tu kimya. Kwa hiyo haiko yeye."

Nilitaka kucheka. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikakumbuka kitu na nikaufunga.

Yaya, mimi nilijua ni wewe. Nilijua hata kabla hujataja jina, kwa kile kikohozi chako kidogo unachokohoa kabla ya kusema, kama gari la zamani. Sikuwa na mashaka hata kidogo. Sijasikia sauti yako tangu vita ya kwanza, nilikuwa mtoto wa kuoga ziwani bila nguo. Na ulipoongea, nilisimama pale nikisikiliza kama vile wanasoma redioni bei ya samaki wa ndagala. Nilifikiri, aa, ni Norbert, na boti ni Jumapili. Basi. Ile kelele niliyopiga na chombo mkononi niliipiga kwa sababu niliona ni wakati wa mtu kupiga kelele.

Kwa hiyo nimewaza sana siku hizi, jambo ambalo si kawaida yangu. Zamani risasi zikilia mlimani tulikimbia. Sasa zikilia Mama anafunika sufuria ili vumbi lisiingie, anaendelea na maneno aliyokuwa akisema. Na siku ya Guy, sijakueleza vizuri. Msafiri alikuambia tu kwamba ndugu yetu aliletwa kutoka barabara ya Mboko na tulimzika. Hakukuambia kwamba Mama hakulia. Aligawa maji kwa waombolezaji, alitafuta mikeka, aliuliza nani hajala. Bamama wa kanisa walikuja kumshika, wakakuta hakuna cha kushika, akawapa viti. Mimi niliangalia viatu vya Guy pale pembeni, nikawaza kwamba vitanienea. Vinanienea. Ndivyo nimevaa sasa nikikuandikia. Ni viatu vizuri.

Kuna redio moja niliyoletewa baada ya jenereta ya duka kupandisha moto wa umeme ghafla. Mwenyewe alisema imekufa, nikaifungua. Ndani hakuna kilichoungua. Kauzi kadogo tu kalikuwa kamekatika, kale kanakowekwa makusudi kakatike ili vingine vipone. Nikaweka kengine, ikaimba. Nafikiri sisi ni hivyo, mimi na Mama, na labda Baraka yote. Ila kwa redio najua kauzi kako wapi. Kwa mtu sijui nifungue wapi. Usimwambie mtu kwamba nimesema haya, nina jina la kulinda huku.

Juzi Mama alikuwa anamenya mihogo uani. Nikakaa karibu yake, nikamwuliza, "Mama, siku ya Guy, tumbo ilistuka?"

Kisu kikasimama. "Nani alikufundisha kuuliza mama yako vile?"

"Hakuna. Nauliza tu. Ilistuka?"

Akamenya muhogo ule akaumaliza, akachukua mwingine.

"Hapana," akasema.

"Na Guy alikuwa mutoto yako ao hapana?"

Alinipiga na ganda la muhogo, likanipata sikioni. Mkono wake bado una nguvu, ukitaka kujua habari za afya yake. Akasema, "We ni mubaya, Placide." Nikamwambia najua, kwani nimezaliwa na nani. Hakucheka. Aliendelea kumenya mpaka beseni likajaa, na mimi sikuondoka, nikawa naokota maganda nampa mbuzi wa jirani.

Nilisubiri aiweke ile mihogo kwenye maji iloweke, kama kila wiki. Hakuiweka. Alisimama na beseni zima, akalipeleka kwa Mama Constance, akarudi mikono mitupu akifuta vidole kwenye kitenge. Akaniambia, "Tutaenda kuangalia uso. Kama haiko yeye, narudia Baraka na boti ileile."

Basi tunakuja, Yaya. Ndiyo jibu ulilokosa siku ile. Barua hii anakuletea Mama Constance mwenyewe, anavuka kesho na mawese yake, na nina hakika ameshaisoma, kwa hiyo namsalimu hapa.

Sasa nisikilize, hata kama mimi ndiye mdogo. Jumapili uwe mwaloni Kibirizi, pale Kigoma boti zinapotua, mapema. Usije ukipunga mikono na kupiga mbio. Usianze na habari za karatasi za kambi wala za mizigo wala gari linalongoja. Msalimie. Uliza goti. Uliza kaburi la baba: majani yamelimwa, mimi nimeyalima, na Casimir amekubali kuangalia baada yetu. Uliza kuku, ingawa hawapo tena. Watu wakikusukuma pale, wakusukume.

Na kuna jambo lingine ambalo ndilo limenifanya nikae chini niandike badala ya kukungoja tu. Inawezekana umsalimie vizuri, akuangalie uso vizuri, akujue kabisa, na tumbo likae kimya vile vile. Atakuangalia kama mtu anayeangalia ndoo. Atauliza choo kiko wapi. Pulchérie atamwekea mtoto mikononi na yeye atamshika vile anavyoshika kuni. Usilie mbele yake siku ile, na usimwulize kama amefurahi. Usifikiri pia kwamba hakupendi ama kwamba nimekuletea mama wa mtu mwingine. Mpe maji, mpe kazi ya kufanya, anapenda kazi. Siku ingine, sijui lini, atakasirika kwa kitu kidogo, kikombe kitavunjika, na ataanza kulia, na hatanyamaza. Nafikiri itakuwa hivyo. Siku hiyo umwache alie mpaka achoke, na unitafute na mimi popote nitakapokuwa, maana sitaki kuwa mbali.

Mimi utanikuta nacheka. Nitawacheka Watanzania na Kiswahili chao cha redioni, nitaicheka nyumba yako ya turubai, nitazicheka ndevu zako. Niache nicheke. Ni hivyo ninavyosimama wima siku hizi.

Nisalimie sana Pulchérie, mwambie shemeji yake ni mzuri kuliko picha. Mbusu Chérie, umwambie bibi anakuja. Salamu kwa wote wa Baraka walio Lugufu wanaotukumbuka, na kwa wasiotukumbuka pia, watatuona. Mungu alilaze ziwa Jumapili, afumbe macho ya wenye bunduki pande zote mbili, atufikishe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, tumbo listuke au lisistuke,

Placide