Kabula, Walikuzika na Njaa

Kabula mwanangu,

Sina salamu ndefu leo. Nina hasira. Jumapili nilikwenda nayo kanisani nikarudi nayo vilevile, na Mungu anajua sikumficha. Basi nakuandikia wewe.

Bibi yako bado anasema mimi ndiye niliyekuua. Waliokuja matangani walimsikia, na sasa hata kisimani wananinyamazia. Anasema kila mtu huzaliwa na nzoka wake, mnyoo wa tumboni, mlinzi wa uhai wake, na wako nilimtoa kwa dawa ya wazungu.

Mlinzi gani, mwanangu? Uvimbe ulikula taya lako mpaka jino likadondokea kwenye uji, naye kalala tu. Daktari wa misheni hakunidanganya. Alisema ni saratani, na dawa yake hana. Ila alisema tumbo limejaa minyoo, inakunyonya damu, na mwili ulioelemewa na ugonjwa mkubwa hauna nguvu za kupigana na mdogo. "Hili la minyoo naweza kulipunguza, mama. Angalau ale, alale."

Na ulikula. Ile dawa chungu ilipokwisha kukuharisha uliomba michembe, vile viazi vya kukausha, nikakuchemshia mpaka ikalainika, nikaichanganya na karanga. Ulitafuna kwa upande mmoja kama kizee, ukanitania: "Mama, usinitazame hivyo, utanimaliza kwa macho." Nilicheka, nikatoka nje nisije nikalia mbele yako.

Baba yako alikuwa machimboni Geita, kwa hiyo neno la Bibi, mama yake, ndilo lililokuwa neno la nyumba. Dawa ya mara ya pili aliimwaga nyuma ya zizi. Tumbo likavimba tena, ukakataa hata uji. Najua uvimbe ungekuchukua tu. Sisemi watu wa nyumba hii walikuua. Nasema walikunyang'anya chakula chako cha mwisho. Kila jioni nasali Baba Yetu, na nikifika pale pa kusamehe naparuka.

Sasa mdogo wako Nyamizi ana tumbo kama ngoma, anabandua udongo ukutani anakula, viganja vimepauka. Jana nilimbeba mgongoni, nikapita uani kwa Bibi mchana kweupe, nikapiga magoti nikamwamkia inavyopasa. Akajua ninakokwenda.

"Wewe umesoma katekisimu," akasema, "hujasoma tumbo."

Nilimjibu ningali magotini. "Kweli, Mama. Ila la Kabula nililisoma. Mlilizika lina njaa."

Nikainuka, nikaenda kupanda lori la pamba la Kahama, kwa yule daktari wa misheni.

Nyamizi kanywa dawa leo asubuhi. Ninavyoandika ananivuta khanga, anataka kula.

Pumzika kwa Bwana, mwanangu. Dawa ya mara ya pili nitamnywesha kwa mkono wangu, palepale uani kwa bibi yako, aone. Akiimwaga, nitafuata nyingine, hata kwa miguu.

Mama yako