Kumpasha Joto Samaki wa Masudi

Jumatano, 9 Julai 2025

Hita ya tangi la samaki imekufa. Umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi kwa kishindo, taa zikamweka, na ndani ya tangi nikasikia tif! Basi. Nimechomoa waya haraka. Bosi kajibana konani, mapezi kayafunga kama mwavuli.

Masudi angekuwepo angeshapiga simu nusu ya Tunduma. Mimi niko eda, sitoki. Nguo zake zimeshagawiwa. Lori la tajiri wake lina dereva mwingine. Simu yake ilipondeka naye huko huko Zambia. Kilichobaki cha mume wangu ndani ya nyumba hii ni huyu Bosi, samaki mmoja mwekundu wa aina ya beta, mrefu kama kidole. Naye akifa, sijui nitaamka asubuhi nikamwangalie nani.

Nimempigia shemeji Abdul, Dar. Atanunua hita nyingine, ataituma kwa basi. Lini? Wiki hii, shemeji, wiki hii. Wiki hii! Samaki wa maji ya uvuguvugu, na nje watu wanatembea na makoti mchana.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Nachemsha maji, natia kwenye chupa ya soda, naiacha ielee ndani ya tangi. Masudi ndiye aliyenifundisha. Inapoa kabla sijamaliza chai. Nimeongeza jani kavu la mkungu, dawa ya samaki, moja ya yale aliyokuja nayo kutoka Tanga, maji yamegeuka kahawia. Bosi hali. Punje mbili zimezama mbele ya mdomo wake, kaziangalia tu.

Mama mkwe, Bi Mwanamvita, analala nami chumba kimoja tangu msiba. Kioo cha kabati kakifunika kanga, eti mjane hajitazami. Si dini, ni mila za kwao, lakini nani abishane naye? Leo kaniona na chupa ya nne. Akasema natamani ungemhudumia mwanangu hivyo. Imeniuma! Nikajifanya sijasikia.

Jioni nikamkuta kainama kwenye tangi, anamwambia samaki: kula baba, kula. Akaanza kulia. Nami nikalia. Simpendi mama huyu kila siku, lakini leo nilimpenda.

Jumapili, 13 Julai 2025

Baridi ya leo Mungu ndiye ajuaye. Upepo unapita chini ya mabati. Bosi kalala ubavu kwenye mchanga. Nilijua kafa! Nikagonga kioo, akapanda kwa shida, akavuta hewa juu, akashuka tena. Huyu anapumua hewa ya juu kama sisi. Masudi alikuwa akisema: si maji tu, hata hewa ikiwa baridi inamuua.

Basi nimeingiza jiko la mkaa. Nimeliweka pembeni ya meza ya tangi, dirisha nimefunga, chini ya mlango nimeziba kwa doti la kanga. Muda mfupi tu chumba kimekuwa Tanga! Bosi kafungua mapezi. Kala punje tatu. Nimecheka kwa sauti, halafu nikaona aibu. Mjane anacheka nini?

Jumatatu, 14 Julai 2025

Jirani yangu Anna, mtu wa Ileje, kaleta kande. Kuona jiko tu uso ukambadilika. Akanivuta ukumbini. "Dada Raudha, sisi kule milimani tumezaliwa na baridi. Jiko tunawashia nje mpaka lishike vizuri, na likiingia mlango unabaki wazi. Kulala nalo, hapana. Mkaa unaua bila kelele."

Nikamwambia huu hautoi hata moshi. Akasema ndio ubaya wake, huuoni. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Watu wa huku wanapenda kututisha sisi wa pwani.

Alipoondoka nikafungua dirisha. Bosi akajikunja. Nikalifunga. Mama alikuwa anaswali, hakusikia lolote. Sikumwambia.

Jumatano, 16 Julai 2025

Mapovu! Bosi kajenga mapovu juu ya maji, kona nzima nyeupe. Masudi alisema dume akijenga mapovu ujue nyumba imemridhisha. Nimekaa namtazama mpaka shingo ikauma.

Mama analalamika kichwa tangu jana. Asubuhi katapika chai. Kasema hilo jiko linanigonga kichwa, Raudha, litoe. Nimempa Panadol. Nimemwambia ni machozi, na presha yake. Hata mimi kichwa kizito, lakini nani anafiwa na mume kichwa kikawa chepesi?

Akanisisitiza nilitoe. Nikasema nimetoa. Nimelisogeza nyuma ya pazia.

Abdul kapiga: hita ipo kwenye basi, kesho inafika. Kesho tu. Tuvumilie mpaka kesho.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Niko kwenye benchi la hospitali. Daftari nimelikuta mkobani, sikumbuki kulitia.

Baada ya adhuhuri, hita bado haijafika, mama akasema ana usingizi. Nikamfunika blanketi, nikaongeza mkaa, nikafunga mlango. Nikatoka uani kupika. Jua lilikuwa zuri, kichwa kikaanza kuniachia, nikakaa. Nilikaa sana! Anna akachungulia juu ya ukuta: bibi yuko wapi? Amelala. Na jiko? Nikageuka kuutazama mlango. Akaangusha ndoo yake, akakimbia ndani.

Mama alikuwa mdomo wazi, mate yanamtoka. Tukamwita, tukampiga makofi. Hakuna. Anna akalisukuma dirisha, tukamburuta na godoro lake mpaka nje. Mikono yake imelegea kabisa. Nimepanda bajaji na kanga ya kupikia, sikuwaza eda, sikuwaza nani ananiona.

Wamemwekea oksijeni. Daktari kauliza mlikuwa na jiko ndani? Nikaitikia kwa kichwa. Dirisha je? Nikajifunika kanga usoni. Hakuuliza tena.

Anna alirudi kufunga nyumba. Kanipigia kuwa amelitoa jiko, kila kitu salama. Nikamuuliza: na samaki? Ee Mola, niliuliza samaki! Akasema mzima, anaogelea. Akakata simu.

Abdul naye kapiga, nilimtumia ujumbe kuwa mama kazimia kwa jiko. Analia kama mtoto, anatafuta basi la usiku. Shemeji, jiko nani aliliingiza ndani?

Nikasema mama. Mama ndiye aliyesikia baridi, unamjua mtu wa Tanga, nilimkataza hakunisikia. Yametoka yote kwa mkupuo, sikukwama hata neno moja. Akasema pole shemeji, mama ni mbishi, ndivyo alivyo. Akanishukuru kwa kumtunza. Kanishukuru!

Nimemwomba Mungu mama aamke. Na hapo hapo, katikati ya dua, nimetamani asiamke leo. Nimeiandika. Ndivyo ilivyo.

Muuguzi katoka. Mama kafumbua macho! Anaongea kidogo kidogo. Nimesema alhamdulillahi mpaka watu wa benchini wamegeuka. Muuguzi kasema bado ana hali mbaya, ila anamtaja Abdul, kila mara Abdul. Anataka kuongea naye. Dada, una simu?

Nimemwambia imezima, chaji imekwisha.

Kasema hamna shida, chaja ipo mezani kwao, anakwenda kuniletea. Keshapotea mlangoni. Simu imo ndani ya kanga, inatetemeka mapajani mwangu. Ni Abdul tena —