Nyama Iliyobaki Chini

Pinga, Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Baba bado anakohoa, au ile dawa ya majani imemsaidia? Najua anayekusomea ni Neema, mke wa kaka. Neema, nakuomba soma yote, usiruke pale ninapokasirika, maana ukiruka hapo hutabakiwa na barua. Ningepiga simu, lakini hapa rezo ya simu inapatikana juu ya kilima tu, karibu na shule, na watu wote wanapanda huko kuongea. Mambo haya siwezi kuyapigia kelele mbele za watu.

Sisi ni wazima. Mtoto anacheza tumboni, hasa nikikaa kanisani. Duka la Kasereka linajikokota kwa sababu njia imeharibika na pikipiki zenye mizigo zinalala kwenye matope. Mama yake alifika kutoka Butembo wiki tatu zilizopita, na kila siku anasema jambo lilelile: mimba ikifika mwezi wa saba atanichukua nikazalie kwake, kwenye hospitali nzuri, karibu na mapadri. Mimi nasema "ndiyo Mama," halafu naingia jikoni nalia. Unajua ninachotaka. Nataka kuzalia Kingi, unishike mkono wewe, nisikie Kihunde chetu watakaponipa mtoto wangu wa kwanza.

Basi tulipatana na Kasereka. Alisema mama yake ni mtu wa kushibishwa kwanza ndipo aombwe. Akasema, mpikie ile etaje ya kwenu ya viazi na nyama, na sisi tukimaliza kula nitamuomba akuache uende. Unakumbuka alivyoila alipokuwa anakuja kununua viazi kwa Baba? Mara tatu, Mama, na mara ya tatu alilamba kijiko kama mtoto. Nikasema sawa. Ndiyo maana nilikuomba fromaji, ile jibini ya shangazi.

Ilifika Ijumaa, gurudumu zima, asante sana. Mwenye pikipiki alikuwa ameifunga pamoja na samaki wa chumvi, kwa hiyo nilikata ngozi yake yote nikaitupa, nikiwa nalaani. Viazi vya kaka mkubwa vilifika vimepondeka upande mmoja. Kwa nyama nilimtuma Kasereka sokoni asubuhi ya Jumapili kabla ya misa yao. Alileta kilo mbili za ng'ombe ambaye nadhani alitembea kwa miguu kutoka Masisi hadi hapa, na tena alizunguka kwanza Itebero. Ngumu! Nilikatakata kwa kisu mpaka kidole kikafanya lengelenge. Nilipika na vitunguu, tomati na sereri, saa tatu nzima, mpaka ikalainika.

Halafu nikapanga kama ulivyonifundisha: viazi, nyama, viazi, nyama, viazi, na fromaji juu kabisa. Sufuria pana niliazima kwa jirani. Nikaiweka juu ya babula ya makaa yenye moto mdogo, na makaa mengine juu ya kifuniko. Na hapo ndipo mateso yalianza. Mama mkwe alirudi kutoka misa akafunua kifuniko kuona kinachonukia. Jivu likaanguka. Nikalitoa kwa kijiko. Akaja Muhindo, mdogo wake Kasereka, anayesaidia dukani, naye akafunua. Jivu. Kasereka mwenyewe, ambaye anajua, alikuja na kufunua! Nilimwambia nikimwona tena jikoni nitamwekea hayo makaa ndani ya kofia. Alicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Mwishowe iliiva vizuri. Juu ilikuwa nyekundu, imekauka kidogo kandokando, inatoa povu pembeni. Niliiangalia nikajisikia niko kwetu. Nikaibeba na sufuria yake, nikaiweka katikati ya meza juu ya ubao, nikawanawisha mikono, nikarudi jikoni. Hivyo ndivyo inavyofanyika katika nyumba hii: mkamwana anaweka chakula na kuondoka, hakai kuhesabu mama mkwe ameweka nini mdomoni. Kila mtu anajipakulia upande wake.

Na hapo, Mama, ndipo nilipokosea. Kwetu wewe ndiye unayekata kwa kisu mpaka chini na kumpa kila mtu kwenye sahani yake. Mimi niliona kama dunia yote inajua kwamba etaje inakatwa. Nilisahau kuwaambia.

Nilikaa jikoni nikisikiliza vijiko. Walikula kimya, nami nikafikiri ni kimya cha utamu. Nilianza hata kupanga ni vitenge vipi nitafunga kuja huko. Waliponiita kuondoa vyombo, mama mkwe alikuwa amekwisha kunawa. Alinitazama kwa adabu, ile adabu ya baridi, akasema, "Aksanti kwa viazi, mutoto wangu."

Nikatazama ndani ya sufuria. Mama, walikula juu tu. Fromaji na viazi vya juu vilikuwa vimekwanguliwa vizuri kabisa, na chini yake nyama yangu ya saa tatu imelala nzima, hakuna aliyeigusa. Kwao mtu mzima hachimbi chakula mbele ya wenzake. Anayechimba anatafuta nyama, na anayetafuta nyama hana aibu. Mama mkwe alichukua kilichoonekana. Muhindo alimtazama mama yake akafanya vilevile. Na Kasereka, mume wangu, aliyelamba kijiko mara tatu kwa Baba, naye akala juu tu, ananyamaza kama gogo.

Nilimfuata uani. Nilimuuliza kama amepoteza mdomo njiani. Alisema hakutaka mama yake amwone anachimba. Nikamuuliza, na lile ombi letu? Alitazama viatu vyake. Alisema mama yake alikuwa amekasirika, kwa sababu tangu asubuhi alisikia harufu ya nyama, na sasa anadhani nimeificha nimlishe mume wangu peke yake. Kwa hiyo hakuomba kitu. Mama, sijawahi kukasirika hivyo tangu nizaliwe. Nilikuwa na hasira na yeye, na mama yake, na ng'ombe, na mimi mwenyewe zaidi. Nilifunika sufuria nikaenda kulala bila kula.

Jana asubuhi nilikwenda kuchota maji. Niliporudi, nilimkuta mama mkwe jikoni peke yake, amekaa kwenye kigoda changu, sufuria iko katikati ya miguu yake. Alikuja kutafuta nyama niliyoficha, naye akaipata. Kijiko kilikuwa kimekwisha kufika chini. Tulitazamana. Hakuona aibu, alimaliza kutafuna kwanza.

"Ni nani alikufundisha hii?" akauliza.

Nikasema ni mama yangu, wa Kingi. Akaongeza kijiko kingine. Halafu akasema mwanamke anayepika hivi hawezi kuachwa mbali naye, sasa ameamua kabisa, nitazalia Butembo na nitakaa mwaka mzima, nimpikie. Mama, nilitua bidoni ya maji nikaanza kulia hapohapo. Nilipika ili niachiliwe, na mapishi yenyewe ndiyo yananifunga. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulia, sikuona tena sababu ya kunyamaza.

"Mama, hii chakula niliipika kusudi uniache niende kuzaa kwetu," nikasema. "Kasereka alipaswa kukuomba jana. Alishindwa."

Alifuta kijiko kwa kitenge chake, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Hakuna mwenye aliniambia," akasema. "Kwenu munawekaka vitu vyote chini? Nyama chini, maneno chini?"

Kasereka si wa kwetu, ni mtoto wake, lakini hilo sikulisema. Alimwita. Aliyomwambia siwezi kuyaandika, Neema anasoma kwa sauti na watoto wanasikia. Nitakuambia tu kwamba alimkalisha chini akampakulia nyama, akamlazimisha kuichimba mbele yake mpaka alipofika chini ya sufuria.

Basi, Mama, nimepewa ruhusa. Nakuja Kingi mwezi ujao kabla tumbo halijawa zito, polepole, kwa vituo, njia ikiwa shwari. Lakini shika kiti, kuna jambo lingine. Alisema hawezi kumtuma mkamwana wake na mjukuu wake juu ya pikipiki kama mfuko wa maharagwe.

"Miye njo nitakupeleka," akasema. "Nataka nione ule mama mwenye alikufundisha. Na nitabaki mpaka mutoto azaliwe."

Mpaka mtoto azaliwe, Mama. Miezi mitatu. Tangu jana nimefikiri mchana na usiku namna ya kumzuia na sijapata. Nisamehe.

Nisalimie Baba, mwambie apunguze kukaa kwenye baridi. Nisalimie kaka mkubwa na viazi vyake, na shangazi wa fromaji, mwambie wakati mwingine asikubali ifungwe na samaki. Neema, nakushukuru kwa kusoma, na watoto wako nawabusu. Mchungaji aniombee, hasa uvumilivu.

Tandika kitanda kile cha mlangoni, ndicho kigumu, anapenda kigumu. Na siku ya kwanza tukifika pika etaje. Usimwachie kijiko. Kata wewe mwenyewe mpaka chini, mbele ya macho yake, na umpakulie nyama juu ya viazi.

Mwanao anayekuja na mgeni,
Riziki