Maji ya Mchele

Shosho wangu mpendwa,

Uko salama? Hapa Al Wukair, huku jangwani nilikokuja kutafuta kazi, jua linachoma hadi bomba la maji baridi linatoa maji moto.

Juzi nusura nipigwe jikoni. Natumia jiko moja na Dulal, Mhindi wa Bengali anayetengeneza AC. Yeye huchemsha mchele kwa maji mengi, kisha huyachuja na kuyaweka kando kwenye bakuli. Mimi nikadhani ni uchafu, nikayamwaga kwenye sinki. Akanidaka mkono. Hata Waganda tunaoishi nao, waliokuwa wakikata vitunguu, waliweka visu chini.

"Unajua umemwaga nini?" Dulal aliuliza. Akasema nyanya yake alikuwa msichana mdogo wakati Mwingereza alipokuwa akitawala kwao, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mchele ulibebwa kulisha wanajeshi, bei ikapaa, watu wakafa njaa barabarani. Wali hawakuthubutu hata kuuomba. Walisimama milangoni mwa watu wakiomba haya maji tu. Wadogo watatu wa nyanya yake walikufa wakiyangoja.

Niliomba msamaha, akarudi kwenye sufuria yake. Jana alipopika alinijazia kikombe cha maji hayo, akatia chumvi, akanisimamia mpaka nikamaliza.

Shosho, Mwingereza huyohuyo aliwafungia nyinyi kijijini wakati wa hali ya hatari, na askari langoni, mkalala njaa. Ndiyo maana humwagi maji ya githeri, hata mahindi na maharagwe yakishaiva. Mimi nilikuwa nayamwaga ukigeuka, na ulikuwa unajua. Hukunidaka mkono hata siku moja.

Nisamehe. Kula ushibe, Shosho.

Mjukuu wako,
Njoroge