Gitaa Jipya Lenye Sura ya Kizamani

Mpendwa kaka Charo,

Mama amenikataza nisikuandikie. Asema marehemu hasomi barua. Nakuandikia hivyo hivyo, na atakayeisoma aisome. Hapa Malindi bado wanasimulia kwamba ulifukuzwa kwenye bendi ya hoteli kwa sababu ya kiburi, na mimi niliyekuwa nikiimba ubavuni pako nilinyamaza miaka minne bila kukutetea.

Unaikumbuka alasiri ile ya mazoezi? Meneja aliingia na sanduku lililotoka Ulaya, akatoa gitaa la umeme jipya kabisa lakini lenye umbo la miaka ya hamsini: rangi ya maziwa yaliyoanza kugeuka manjano, na vitufe vya duara kama vya redio ya baba. Alisema wageni siku hizi wanapenda vya kizamani. Uliligeuza nyuma na mbele, ukalinusa, ukacheka.

"Huu uzee wameupaka kiwandani," ulisema. "Langu limezeeka kwa jasho langu."

Lako lilikuwa lile jekundu ulilolipata Kaloleni, lenye ufa uliouziba kwa gundi ya seremala. Nililipenda, kaka, lakini pia nililionea haya. Kila ulipoongeza sauti lilikwaruza, na wageni wakageuka kututazama. Nilikwambia, "Kaka, lijaribu tu." Ulikataa hata kulichomeka waya.

Meneja akasema asiyelitaka aende zake. Ulikunja waya wako taratibu, kisha ukanitazama. Nikainama, nikajifanya natengeneza maikrofoni. Ukatoka peke yako. Jumamosi ile ile niliimba, na mtu mwingine akalipiga gitaa jipya. Lilisikika vizuri mno.

Kazi uliyoipata baadaye ilikuwa ya kiwanda cha mkonge, upande wa Kilifi. Haukupita mwaka, mashine ikakukata vidole vitatu vya mkono wa kushoto, vile vile vya kubania nyuzi.

Nilipokuja kukuona nyumbani Vitengeni, nilikuja na lile gitaa. Nilikuwa nimeliomba kwa siku moja. Hata leo sijui nilitaka nini. Uliliweka pajani, ukapitisha kidole gumba shingoni mwake. Kisha ukaniambia nikubanie nyuzi, wewe upige kwa mkono wa kulia.

"Hapo, Sidi. Sogea kidogo. Haya, bana."

Bila umeme, ilitoka sauti nyembamba kama ya mbu.

"Ni zuri," ulisema. "Shingo yake nyepesi. Nilikosea."

Ukanirudishia, ukageukia ukutani. Kidonda kilikuwa kimeshaoza. Hukuumaliza msimu ule wa mvua.

Wanaokuhurumia wangependa niseme gitaa lile lilikuwa bovu. Siwezi, kwa kuwa lilikuwa bora kuliko lako. Lakini pale hotelini walikutaka uamini kwamba miaka yako yote jukwaani ni rangi tu, ya kupakwa kwa siku moja. Kwa kulikataa hilo hukukosea hata kidogo, na nililijua hilo kabla hujafika mlangoni.

Jumamosi iliyopita nilimwambia meneja, mbele ya bendi nzima, "Kaka yangu hakuwa na kiburi."

Aliniuliza kama nimemaliza.

"Nimemaliza," nikamjibu, "na kuimba pia nimemaliza."

Nilitembea hadi barabarani bila kugeuka, nikisikiliza kama kuna miguu nyuma yangu. Hakuna aliyenifuata. Sikumlaumu mtu.

Lala, kaka. Huku Malindi umeshatetewa, ingawa kwa kuchelewa.

Mdogo wako,
Sidi