Namba za Ziwa Nilizozicheka

Papa wangu,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nilikucheka mbele ya watu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukichomelea nyaya pale barazani kwetu Kinindo, kando ya ziwa, mimi nikikushikia ncha na kulalamika kwamba naungua? Fundi redio mstaafu, badala ya kupumzika ukaunda kisanduku cha kupima kimo cha ziwa kila asubuhi, ukakifunga kwenye nguzo majini. Kisha ukaniletea faili lake siku ya ubatizo wa mwanangu, nyumba imejaa wageni, maana binti yako si amesomea kompyuta!

Faili lilikuwa mfululizo wa baiti tu, vile vipande vidogo vya data, bila maelezo yoyote. Kila kipimo kilishika baiti mbili, na mashine lazima iambiwe ipi inatangulia, ndipo izigeuze kuwa safu ya namba. Sikukuuliza. Niliandika mstari mmoja wa programu kama nilivyozoea, nikasoma kwa sauti: leo ziwa mita mia moja na kumi na mbili, kesho yake mia moja na kumi na tano. Wajomba walicheka hadi machozi.

"Apana, mutoto wangu, angalia tena," ulisema. "Maji inapanda. Mi naiona."

"Papa, hii kitu yako imekufa. Ni takataka."

Ulicheka nasi kidogo, ukaenda kukaa jikoni. Mama Odette, jirani yetu wa upande wa ziwani, alikuwa ameshakusanya mawe ya ukuta wa kuzuia maji kwa kukusikiliza wewe. Baada ya kicheko chetu aliacha kujenga. Mvua zilipokuja, maji yaliingia hadi chumbani kwake.

Wiki iliyopita, miezi tisa tangu tukuzike, nilikuwa nawafundisha wanafunzi mpangilio wa baiti, ndipo nikalikumbuka faili lako. Baiti zako nilikuwa nimezisoma kinyume, ya pili kabla ya ya kwanza. Nilikwenda kukifungua kisanduku pale majini, nikazisoma upya: mita tatu, mita tatu na sentimita moja, na mbili, zikipanda polepole. Zote zilikuwa sawa, Papa. Naona aibu hata kuandika hivyo.

Nilidhani ulikitelekeza kisanduku baada ya kuchekwa. Kumbe vipimo vinaendelea baada ya ubatizo, siku kwa siku, mwaka mzima, na betri ile ilitaka kubadilishwa kila wiki. Asubuhi niliyokupeleka hospitali uliniomba tupitie ziwani kwanza. "Kufanya nini huko?" nilikujibu, nikaendelea kuendesha gari. Vipimo vinakoma siku nne baadaye, betri ilipokwisha.

Pumzika, Papa. Sina cha kujitetea.

Binti yako